Ukifia machimboni, padri atauliza: "Jumuiya gani?"

Leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi wetu tunalikumbuka maiti ikiwa tayari iko ndani.

Mwaka jana jirani yetu hapa kijijini, mkoa wa Shinyanga, aliletwa nyumbani ndani ya sanduku kutoka machimbo fulani upande wa Geita. Duara lilimwangukia. Huyu alibatizwa hapa hapa kigangoni na Kipaimara alipata hapa hapa, watu wanajua. Baba yake mdogo akapanda bodaboda kwenda parokiani kuomba Misa ya mazishi. Swali la kwanza: "Marehemu alikuwa jumuiya gani?" Akakosa jibu. Hapa nyumbani kijana alishaondoka miaka minne, na kule machimboni wenzake walioleta mwili hawakujua hata kama ni Mkatoliki. Mwenyekiti wa jumuiya ya wazazi wake akasema hawezi kumwandikia barua mtu asiyemwona kwenye sala. Basi akaja katekista, akasali, tukazika. Mama mtu alikuwa analia anasema mwanangu wamemfukuza kanisani.

Kwa kweli iliniuma, nikaanza kuuliza kwa makatekista na kusoma. Nawaletea nilichopata.

Kwanza tuelewe hii jumuiya imetoka wapi, maana wengine wanadhani ni kodi ya kanisa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana mwaka 1973, halafu tena 1976, wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia vikundi vidogo vya majirani. Kwa Tanzania ile haikuwa ngeni, tulikuwa tayari na nyumba kumi kumi za chama. Ndiyo hadi leo ngazi zetu ziko hivi: jumuiya, halafu kigango, halafu parokia, halafu jimbo. Jumuiya inakutana kila wiki nyumbani kwa mtu, inasoma Injili, inachanga, inatembelea mgonjwa. Na msiba ukitokea, wanaokuja kwanza na kuni na maharage ni wao.

Sasa sheria yenyewe. Kanisa Katoliki lina kitabu cha sheria kilichotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983. Humo parokia yako haitokani na kadi ya zaka, inatokana na unapoishi. Ukikaa sehemu kwa nia ya kubaki moja kwa moja, au ukitimiza miaka 5, pale ni kwako. Ukikaa miezi 3, au ukiwa na nia ya kukaa hiyo miezi 3, pale nako ni kwako kwa namna yake, na paroko wa pale ni paroko wako. Na kuna kipengele nilipokisoma nilicheka peke yangu, kama vile waliandika wakiangalia watu wa Nyarugusu na Katoro: mtu asiye na makazi popote, yule wa kuhama hama, paroko wake ni wa pale alipo sasa hivi. Kwa hiyo kijana anayefuata rashi, leo Kakola kesho Mgusu, hana siku hata moja ambayo hana paroko.

Kuhusu mazishi, kanuni namba 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa. Ni walioiasi imani waziwazi, wapotoshaji wa imani na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungekwaza waamini. Na hao wote, kama kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya kutubu, wanazikwa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Nimerudia kusoma mara tatu, sikuona mtu anayedaiwa zaka. Kanuni nyingine mbili, 848 na 1181, zinasema maskini asinyimwe sakramenti wala mazishi yanayostahili kwa sababu ya umaskini wake.

Hapo najua kuna mtu ameshakasirika na viongozi wa jumuiya. Subiri kwanza. Sheria hiyo hiyo inasema muumini ana wajibu wa kulitegemeza Kanisa, kwa hiyo zaka si uonevu. Halafu fikiria padri mwenye vigango kumi na zaidi. Atamjuaje kila mtu? Miji ya dhahabu watu wanaingia na kutoka kila siku. Mtu ana mke wa ndoa Sengerema, anakuja machimboni anataka kufunga ndoa nyingine kanisani na mama ntilie. Nani atajua kama si majirani? Ndiyo maana ndoa inatangazwa Jumapili tatu, na ndiyo maana ukifunga ndoa taarifa inatakiwa irudi parokia uliyobatizwa iandikwe pembeni ya jina lako kwenye kitabu cha ubatizo. Barua ya jumuiya ni ushahidi. Tatizo linaanza pale ushahidi unapogeuzwa adhabu, mtu keshakufa hawezi kujitetea.

Jambo lingine tuliloelewa vibaya ni katekista. Kuzikwa na katekista siyo kufukuzwa. Pasipo na padri, mlei aliyeruhusiwa anaweza kuongoza sala za mazishi, na ni sala za Kanisa kabisa. Vigango vya mbali wanazikwa hivyo hata wazee waliotoa zaka maisha yao yote. Laiti siku ile kuna mtu angemwambia yule mama maneno haya mawili.

Sasa wewe unayefunga begi kwenda machimboni, fanya nini? Kabla hujaondoka pita kwa mwenyekiti wa jumuiya akuandikie barua ya utambulisho, paroko aigonge mhuri. Piga picha cheti cha ubatizo kwa simu umtumie na dada yako, maana cheti karatasi kwenye kambi ya maturubai hakimalizi masika moja. Jua parokia uliyobatizwa, na namba yako ya kitabu kama unayo. Ukifika, Jumapili ya kwanza ukitoka Misani muulize katekista jumuiya ya mtaa ule inasali wapi. Usingoje upate dhahabu ndo ujitokeze. Na wenzako wa duarani waambie dini yako na namba ya simu ya nyumbani. Hilo halina gharama, na lingemsaidia sana jirani yetu.

Kumbuka pia mipaka ya jimbo haifuati mkoa. Kahama iko mkoa wa Shinyanga lakini ni jimbo linalojitegemea tangu 1983, na Geita ni jimbo tangu 1984. Ukiambiwa upeleke karatasi "jimboni" uliza jimbo lipi, nauli siku hizi si mchezo.

Cheti kikipotea, kitabu kipo parokiani, wanakuandikia kingine. Hata kitabu kikikosa, shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuthibitisha ubatizo, mradi hakuna anayeumizwa, na aliyebatizwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe.

Na kama mwili hauwezi kusafirishwa? Agosti 2025 pale Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walifukiwa mgodini na kuwatoa kulichukua siku nyingi. Mambo hayo yapo kwetu. Sheria inasema mwili usiposafirishwa kwenda parokia ya marehemu, na kama hakuna kanisa lingine lililochaguliwa kihalali, mazishi yanafanyika kwenye kanisa la parokia alipofia. Hivyo ndugu mkifika kule nendeni kwa paroko wa pale pale, mwambieni huyu ni wako.

Yule mama tulimweleza yote haya. Mwezi uliopita alipeleka nia ya Misa kwa ajili ya mwanae, padri akaipokea bila kuuliza barua, na jina likasomwa. Padri anaruhusiwa kuombea kwa Misa mtu yeyote, hai au marehemu.

Ya uchumba sugu na ndoa mseto nitaandika siku nyingine, ni marefu. Mwenye uzoefu wa parokia yake aweke hapo chini, ila majina ya watu tuyaache.