Mpiga piano wa mtandaoni hutoka wapi?

Mwezi uliopita dadangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kisaju, Kajiado. Nyuma ya maneno yake nilisikia upepo wa mbuga, lori likinguruma kwenye barabara ya Namanga, na binti yake akipiga kinanda kidogo walichoazima kanisani. Mtoto ana miaka 13. Anataka kuwa mpiga piano wa muziki wa klasiki, ajirekodi na kuweka video mtandaoni, kama Mjapani mmoja anayemtazama kila usiku bando likiwepo. Ombi lenyewe lilikuwa fupi: tumtumie simu yenye kamera nzuri na ile taa ya duara.

Nimekaa na ombi hilo wiki tatu. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua si familia yetu pekee iliyoombwa hivyo.

Mjapani huyo ni Hayato Sumino, aliyezaliwa mwaka 1995, na kwenye YouTube anajulikana kama Cateen. Wanaomfuata wamepita milioni moja. Ukimwona leo akitania kwa piano ya kuchezea watoto, unaweza kudhani kamera ndiyo iliyomlea. Sivyo. Mama yake ni mwalimu wa piano, naye alianza kujifunza akiwa mdogo sana. Mwaka 2018, akiwa bado mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alitwaa tuzo kuu ya mashindano ya PTNA ya kwao Japani. Mwaka 2021 akafika nusu fainali ya Mashindano ya Chopin mjini Warsaw, ambayo kwa wapiga piano ni kama Olimpiki kwa wakimbiaji wetu. Video zilimpa umati wa kumsikiliza. Mikono alikuwa nayo tayari.

Valentina Lisitsa naye, mzaliwa wa Kyiv, alipoweka video yake ya kwanza mwaka 2007 alikuwa amepiga piano kwa takriban miaka 30. Miaka mitano baadaye alikuwa jukwaani Royal Albert Hall, London. Na Isata Kanneh-Mason, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Sierra Leone, alipopiga muziki mtandaoni na ndugu zake kutoka nyumbani kwao Nottingham wakati wa korona, wasikilizaji walikuwa wanaona matunda ya nyumba yenye watoto saba ambao wote walifundishwa muziki tangu utotoni.

Ningependa pia mtoto wetu amsikilize Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyezaliwa mwaka 1923. Rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967, lakini dunia ilimjua hasa baada ya muziki wake kukusanywa upya kwenye santuri ya mwaka 2006, yeye akiwa amepita miaka 80. Baadaye mtandao ukamfikisha kwa vijana ambao hawajawahi kukanyaga Addis Ababa. Alifariki Jerusalem mwaka 2023. Piano yake ina nyimbo za kanisa la kwao ndani yake, na mtoto wa Kajiado anastahili kujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Sasa turudi Kisaju.

Kinanda cha kanisani kina vibonyezo 61, vyepesi kama vya kompyuta, na kina kitufe cha kuhamisha sauti juu au chini. Kitufe hicho kimewaokoa wapigaji wengi wa kwaya: unajifunza ufunguo mmoja, mwimbaji akipanda unabonyeza tu. Kwa ibada kinanda hicho kinafaa. Kwa Beethoven kinamharibu mwanafunzi, kwa sababu muziki ule unataka vidole vijue kugusa kwa uzito mbalimbali, na unataka funguo zote. Piano kamili ina vibonyezo 88, kila kimoja kikirusha nyundo kwenye nyuzi. Nyuzi zenyewe ni zaidi ya 200, na zimekazwa kwa nguvu ya tani nyingi juu ya ubao mwembamba. Ubao huo hunywa unyevu wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Kwa vumbi na ukame wa kwetu piano ya mbao itapoteza sauti upesi, na fundi wa kuirekebisha itabidi atafutwe Nairobi. Ndiyo maana nasema piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vyenye uzito. Stima ikipotea atasoma noti kimya. Hayo nayo ni mazoezi.

Mwalimu ni jambo gumu zaidi. Kenya Conservatoire of Music ipo Nairobi tangu mwaka 1944, lakini kutoka Kisaju ni safari ya kwanza hadi Kitengela na nyingine hadi mjini, na Jumamosi nzima imekwisha. Hapa ndipo mtandao unapomfaa kweli. Anaweza kufundishwa kwa video wiki tatu na kwenda mjini ya nne. Bodi ya mitihani ya Uingereza, ABRSM, ilianza mwaka 2020 kupokea mitihani iliyorekodiwa: unapiga vipande vyako mfululizo bila kukata, unatuma. Noti za watunzi wa zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Na kuanzia Januari 2026 shule zetu za sekondari ya juu zina mkondo wa sanaa na michezo katika Gredi ya 10.

Kuhusu pesa nisimfiche. Ili YouTube imgawie mapato kamili ya matangazo, anahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hata akifika hapo malipo hayatalisha nyumba. Wapiga piano wengi huishi kwa kufundisha, kusindikiza waimbaji, harusi na makanisa. Tena mitambo ya kulinda hakimiliki hukosea. Mwaka 2018 Mwingereza James Rhodes alijirekodi akipiga Bach, aliyefariki mwaka 1750, na Facebook ikazima sekunde 47 za sauti yake kwa madai kwamba ni mali ya Sony Music. Muziki wa Bach ni wa kila mtu, na upigaji ulikuwa wa Rhodes mwenyewe. Ilibidi apige kelele hadharani ndipo dai likaondolewa. Mtoto asiye na jina hatasikika hivyo, kwa hiyo ajifunze mapema kukata rufaa na kuhifadhi rekodi zake za awali.

Dada, simu uliyo nayo inatosha kwa video na kwa mtihani. Nitatuma pesa za piano ya umeme, na ada ya mwalimu ya mwaka mzima nitailipa mimi. Wewe mlindie saa moja ya mazoezi kila jioni, asitumwe dukani wala mtoni.

Na wewe unayesoma ukiwa Doha au Dallas, ukiombwa taa ya duara, uliza kwanza mtoto anafundishwa na nani.