Maziwa Yasiue Mito Yetu

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba maziwa yaweza kuua mto. Watauliza: je, maziwa si chakula cha mtoto? Ndiyo, ni chakula, na ubaya wake mtoni watokana na hilo hilo. Maziwa yakimwagwa majini hayawi sumu, huwa karamu. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huyavamia, huzaana kwa mamilioni, na katika kula kwao huimaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi. Maji hugeuka rangi na kutoa harufu ya yai viza, na mama akaaye bonde la chini, akija na ndoo yake, hakuti mto tena bali mfereji wa uvundo.

Wataalamu huyapima madhara hayo kwa kiasi cha oksijeni kihitajiwacho na vijidudu katika muda wa siku 5. Lita moja ya maziwa yahitaji kama gramu 100. Maji safi ya mto katika nchi ya joto kama yetu huwa na miligramu 8 hivi tu kwa kila lita. Basi msomaji na apige hesabu mwenyewe: lita moja ya maziwa yatosha kumaliza oksijeni iliyomo katika lita zaidi ya 12,000 za maji.

Hatuyasemi haya ili kuwatisha wafugaji wala kuvipiga vita viwanda. Kinyume chake, sisi twataka viwanda vya maziwa viongezeke. Ni sehemu ndogo sana ya maziwa ya Tanzania ipitayo kiwandani. Mengine yote hunywewa nyumbani, huuzwa mabichi kwa majirani, au huharibika kwa kukosa soko. Mfugaji wa Tanga au wa Rungwe ahitaji mahali pa kupeleka maziwa yake kila asubuhi na kulipwa. Lakini kwa kuwa viwanda vingi bado havijajengwa, huu ndio wakati wa kusema jinsi ya kuvijenga. Bomba la majitaka ni rahisi kulipanga katika karatasi kuliko kulichimbua chini ya sakafu ya saruji.

Hakuna mwenye kiwanda amwagaye maziwa kwa kusudi, maana ni fedha zake. Maziwa hutoroka kidogo kidogo. Hubakia utando ndani ya mabomba na matangi, humwagika kwenye mashine ya kujazia pakiti, hutupwa yakichacha kwa sababu umeme ulikatika usiku na tangi la kupoozea likasimama. Kisha huja usafi, ambao hauna budi kufanyika kila siku. Mabomba husuuzwa kwa maji, yakapitishwa soda kali ya kuondoa mafuta, halafu asidi ya kuondoa magamba ya chumvi, kisha maji tena. Hayo yote, maziwa na dawa pamoja, huelekea mtaroni. Kiwanda kizembe chaweza kutumia lita kadhaa za maji kwa kila lita moja ya maziwa kiyapokeayo, na katika miji yetu, ambako wananchi hupanga madumu tangu alfajiri, jambo hilo latuuma kuliko hata uvundo wenyewe.

Kubwa zaidi ni habari ya jibini. Watengenezaji wa jibini wameongezeka, hasa katika mikoa ya kaskazini na nyanda za juu za kusini, nasi twawapongeza. Lakini katika kila kilo 10 za maziwa, jibini ngumu ipatikanayo ni kama kilo moja tu. Kilo 9 zilizobaki ni yale maji ya kijani-manjano yachuruzikayo katika kitambaa. Maji hayo bado yana karibu sukari yote ya maziwa, na protini pia. Lita 1,000 za maji ya jibini zikimwagwa mtoni huuchafua sawasawa na kinyesi cha siku moja cha watu kati ya 500 na 800. Fikirini, ndugu wasomaji: karakana moja ndogo yenye wafanyakazi watano, yaweza kuwa na uchafu wa kijiji kizima!

Na uchafu huo ni mali. Waitalia huyachemsha maji hayo, wakapata jibini nyingine laini iitwayo ricotta. Wanorwe huyapika mpaka yakawa jibini ya rangi ya kahawia. Huko Ireland, kiwanda cha Carbery katika jimbo la Cork kilianza mwaka 1978 kuigeuza sukari ya maji ya jibini kuwa spiriti. Hatumwambii mtengenezaji wa jibini wa Njombe ajenge mtambo wa spiriti. Twamwambia kwamba nguruwe wa jirani yake huyapenda sana maji hayo, mradi yapewe kwa kiasi na yakiwa mabichi, na kwamba yanayobaki yaweza kuingizwa katika shimo la gesi pamoja na samadi. Kazi ya mashimo hayo si ngeni kwetu. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeyaeneza kwa wafugaji kwa miaka mingi, na gesi yake yapikia chai katika nyumba nyingi.

Gesi hiyo ingefaa pia kuchemshia maziwa. Kiwanda kidogo hupasha maziwa katika pipa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, na mara nyingi kwa kuni. Halafu maziwa yale yale ya moto hupoozwa, na joto lililogharimu gogo la mti huenda bure. Katika mtambo wa kisasa, maziwa ya moto yatokayo hupitishwa ubavuni mwa maziwa ya baridi yaingiayo, yakitenganishwa na bati jembamba, hata sehemu kubwa ya joto hurudi kazini. Kwa maoni yetu, mkopo wa kununulia chombo cha namna hiyo ni mkopo wa kuokoa msitu, na benki ziutazame hivyo.

Wako wasemao kwamba kuhifadhi mazingira ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba nchi changa ijenge kwanza, isafishe baadaye. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu lenye wavuvi wake, huendesha mitambo ya umeme, humwagilia mashamba, kisha huingia baharini. Katika safari hiyo nzima, ni nani tajiri awezaye kununua mto mwingine? Achafuaye juu hulipwa faida. Aliye chini hulipa gharama, naye hakuulizwa.

Sheria tunazo. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Tasnia ya Maziwa iliyounda Bodi ya Maziwa. Kanuni za mwaka 2007 zikaweka kikomo: majitaka yamwagwayo katika mazingira yasizidi miligramu 30 za hitaji hilo la oksijeni kwa lita. Maji ya jibini huwa na miligramu 30,000 na zaidi. Ni haki kusema kwamba mwenye karakana ndogo hawezi kulifikia lengo hilo kwa fedha zake peke yake, na kumtoza faini bila kumwonyesha njia ni kumfukuza arudi kuuza maziwa ya vibuyu. Vyama vya ushirika viunganishe watengenezaji wa eneo moja wawe na mabwawa ya pamoja ya kusafishia. Kiwanda kikubwa hakina udhuru huo.

Lakini yako mambo yasiyongoja mkopo wala mkaguzi, nayo yamo mikononi mwa wafanyakazi. Matangi yachuruzishwe kwa dakika chache kabla ya kusuuzwa, na maziwa ya mwanzo yaliyochanganyika na maji yakusanywe katika ndoo, si mtaroni. Mabaki ya jibini sakafuni yazolewe kwa ufagio mkavu kwanza. Mpira wa maji uwe na kifungio mwishoni, usiachwe ukibubujika mtu akienda kula. Kila kitengo kiwe na mita yake ya maji, na hesabu ibandikwe ukutani kila Jumamosi. Mabaraza ya wafanyakazi yaidai hesabu hiyo kama yanavyodai mishahara, maana maziwa yapoteayo mtaroni hayalipi mshahara wa mtu.

Masika yanapokuja majani huwa mengi, ng'ombe hukamuliwa zaidi, na vituo vya kukusanyia hupokea maziwa kuliko uwezo wa matangi. Ndiyo miezi ambayo mengi huchacha na kumwagwa, na ndiyo miezi ambayo mashimo machache yaliyopo hufurika kwa mvua. Kazi ya kuyachimba na kuyapanua yafaa ifanyike kiangazi, ardhi ikiwa kavu.