KATA SI NGOMA, MASELA!

Masela wa hapa Bulwa wakinikuta uani nafanya kata, hawakosi neno: "Oya, unapigana na mbu?" Leo nawajibu. Na wewe dada unayetoka mashamba ya chai giza likiingia, soma, hili linakuhusu.

Kwa asiyejua, kata ni mapigo na kinga zilizopangwa kwa mfuatano, unazifanya peke yako. Hapa Tanzania mtindo wa Goju Ryu uliletwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani. Ni mwaka ule ule aliofariki Bruce Lee, ila mambo ya sinema tuyaweke kando.

Chukua kata ya Gekisai Dai Ichi, aliyoitunga Chojun Miyagi wa Okinawa mwaka 1940 kwa ajili ya wanaoanza. Mkono mmoja unapiga, mwingine unarudi ubavuni. Wengi wanadhani ni pozi. Wapi! Mkono ule haurudi mtupu. Kibaka amekushika? Kamata mkono wake, uvute hadi ubavuni kwako. Anayumba, na uso wake unakuja wenyewe kwenye pigo lako.

Ndani ya kata hiyo hiyo kuna teke la mbele, halafu kiwiko. Kwa nini kiwiko? Kwa sababu ukimpiga teke anainama, anakuwa karibu mno kwa ngumi. Kiwiko hakitaki nafasi, hata kwenye kinjia chembamba katikati ya chai. Teke lenyewe piga chini, gotini au ugokoni. Kwa utelezi wa njia zetu, ukirusha mguu juu unaanguka mwenyewe, kibaka anakucheka.

Lakini jamani, kata ya peke yako haitoshi. Tafuta mwenzako akushike kwelikweli, muanze polepole, kisha muongeze kasi. Mwili ujifunze kabla ya hofu kuja.

Na usijifanye shujaa. Sheria inakuruhusu kujitetea kwa kadiri ya hatari iliyopo. Akishaanguka usiendelee kumtwanga. Piga kelele, toka mbio. Akichomoa kisu anataka pochi, mpe. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Pochi utanunua nyingine, shingo huipati dukani!