KABLA YA KISU: MAPAJA, TIBA NA DINI

Hapa Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi humsitiri mtu mengi. Lakini kila niteremkapo Mombasa, joto hunikumbusha ngozi iliyolegea mapajani tangu nilipopungua unene. Husuguana, huchubuka, hutoka maji, na kujiweka twahara kwa sala huwa taabu. Hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa daktari mpasuaji, wala si tamaa ya urembo.

Wengi wetu tukisikia upasuaji wa kurekebisha maumbile hudhani ni anasa ya matajiri. Sivyo. Shirika la AMREF, lililoanzisha huduma ya madaktari wa ndege, liliundwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa fani hii. McIndoe alipata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Ama upasuaji wa kukaza mapaja wenyewe, ulielezwa na J. R. Lewis wa Marekani mwaka huo huo wa 1957. Mwaka 1988 Ted Lockwood akaonyesha namna ya kuishikiza ngozi kwenye utando imara wa kinenani ili kovu lisiteremke.

Je, dini yasemaje? Wanazuoni hutenganisha kuondoa dhara na kubadili umbile kwa kujipamba tu. Hutaja habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, akatia ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu. Basi swali la kwanza ni la nia, na kila mtu ajiulize mwenyewe kabla ya kumwuliza shehe. Tena mapaja ni uchi: mwanamke na amtafute daktari mwanamke kwanza. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na kisifunuliwe zaidi ya kinachohitajika.

Daktari alinipima nikiwa nimesimama, kwani ngozi iliyolegea hujificha mtu akilala. Akauliza juu ya kisukari, shinikizo la damu, na kama kuna aliyewahi kugandwa na damu mguuni katika jamaa zangu. Tumbaku, hata ile ya tambuu, sharti iachwe wiki 4 au zaidi kabla na baada, kwa kuwa hubana mishipa ya damu na kidonda kikachelewa kupona. Kila dawa itajwe, kuanzia aspirini mpaka habasoda, maana nyingine huzidisha kutoka damu.

Hakunificha hatari. Kinena ni mahali pa jasho, hivyo kidonda huweza kufunguka au kuingia usaha. Maji huweza kukusanyika chini ya ngozi, na mguu ukavimba. Kovu ni la maisha. Pengine hufika karibu na goti.

Nawe usione haya kuuliza. Je, amesajiliwa na baraza la madaktari kwa fani hiyo? Nani atakayekutia usingizi? Kidonda kikifunguka usiku, uende wapi? Atokaye Mombasa apange pia mahali pa kukaa, kwani safari ya kilomita kama 800, umeketi kutwa, huweza kugandisha damu miguuni. Amwulize na shehe wake namna ya kupangusa juu ya bandeji na kusali kwa kuketi. Wala asipange upasuaji karibu na Ramadhani, kwani mwili unaounga kidonda wahitaji maji na chakula.

Kwangu mimi jibu lilikuwa ni kungoja. Uzito wangu haujatulia, na wapasuaji hutaka utulie angalau miezi 6, ama sivyo ngozi hulegea tena. Kwa sasa napaka malhamu na kuvaa suruali ndefu ya pamba ndani ya buibui. Wahenga walisema subira ni ufunguo wa faraji. Miezi hiyo ikipita na michubuko ikingali ipo, nitarudi kwa daktari nikiwa na nia iliyo safi. Ikiwa itakuwa imepoa, nitamshukuru Mola na kisu nitakiacha.