Redio Ikinyamaza Mchana Kweupe

Kila Jua linapolipuka, mitandao hujaa tahadhari za aina moja: simu zitazimika, umeme utakatika, setilaiti zitaharibika. Tarehe 11 Novemba 2025 Jua lilitoa mlipuko wa daraja la X5.1 (X ndilo daraja la milipuko mikali zaidi), na kilichopotea papo hapo hakikuwa simu. Yalipotea mawasiliano ya redio ya masafa mafupi, tena kwa upande wa dunia uliokuwa mchana tu, zikiwemo Afrika na Ulaya. Tahadhari zile huchanganya mambo mawili, mlipuko wa Jua na tufani ya sumaku. Yaliandikwa yote mawili, moja baada ya jingine, na chombo kimoja cha London mwaka 1859.

Alhamisi ya tarehe 1 Septemba mwaka huo, saa tano na dakika 18 asubuhi, mwanaastronomia Richard Carrington alikuwa Redhill, kusini mwa London, akichora madoa ya Jua. Hakulitazama Jua lenyewe. Darubini yake iliangusha taswira ya Jua kwenye kioo kilichopakwa rangi. Ghafla, juu ya kundi kubwa la madoa, yakatokea mabaka mawili ya mwanga mweupe mkali. Alikimbia kutafuta shahidi, na aliporudi, hata dakika moja haijaisha, mwanga ulishaanza kufifia. Dakika tano hivi zilitosha kuumaliza. Bahati nzuri mtazamaji mwingine wa anga, Richard Hodgson, naye aliuona akiwa Highgate, kaskazini mwa jiji, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema Carrington aliota.

Wakati huohuo, katika jengo la Kew lililoko Richmond, sumaku zilikuwa zimening'inizwa gizani. Jengo hilo lilijengwa ili Mfalme George wa Tatu atazame sayari ya Zuhura ikipita mbele ya Jua mwaka 1769. Kila sumaku ilibeba kioo kidogo, na mwali wa taa uliogonga kioo hicho uliangukia karatasi ya picha iliyozungushwa polepole na mitambo ya saa. Sumaku ikicheza kidogo tu, mstari unapinda. Kumbukumbu za Kew zina alama mbili. Ya kwanza ni kikunjo kidogo kilichotokea wakati uleule Carrington alipoona mwanga. Ya pili ilianza saa zisizotimia 18 baadaye, alfajiri ya Septemba 2: mstari uliyumba hadi ukatoka nje ya karatasi, na telegrafu za Ulaya na Marekani zikavurugika.

Alama ya pili ndiyo tufani. Jua hurusha wingu la chembe zenye chaji, nalo kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kutufikia. Likifika hutikisa usumaku wa dunia, na hilo ndilo linalowanyima usingizi mafundi wa gridi za umeme.

Kile kikunjo kidogo kiliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu zaidi, maana kilikuja pamoja na mwanga wenyewe. Ili kukielewa, ilibidi kwanza ijulikane kwamba hewa ya juu kabisa hupitisha umeme. Balfour Stewart, aliyekuwa mkuu wa Kew, alitoa wazo hilo mwaka 1882. Desemba 1924 Edward Appleton wa King's College London, pamoja na Miles Barnett, walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, wakapokea mawimbi yake Oxford na kupima kimo cha tabaka linaloyarudisha ardhini: takriban kilomita 100. Kazi ya Appleton juu ya matabaka hayo, tunayoyaita ionosfia, ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Sasa kisa chote kinaeleweka. Mlipuko wa Jua hutoa eksirei nyingi, nazo husafiri kwa kasi ya mwanga na kufika baada ya dakika nane na ushei. Hunyofoa elektroni kwenye chembe za hewa, na mikondo ya umeme iliyoko juu huongezeka ghafla; hiyo ndiyo iliyoisukuma sumaku ya Kew. Lakini eksirei kali hupenya hadi kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, katika tabaka la D. Huko hewa ni nzito kiasi kwamba elektroni ikitikiswa na wimbi la redio hugongana na chembe nyingine kabla haijarudisha nguvu iliyopewa. Nguvu ya wimbi hugeuka joto na kuishia hapo.

Wimbi la masafa mafupi hupita tabaka hilo mara mbili katika kila mruko, likipanda na likishuka. Kutoka London hadi Nairobi ni takriban kilomita 6,800, na mruko mmoja hauvuki kilomita 4,000 hivi. Kwa hiyo wimbi litokalo London moja kwa moja hulipa ushuru huo mara nne au zaidi. Novemba ile ya 2025, saa nne na dakika 4 asubuhi kwa London, Jua la huko lilikuwa bado chini angani. Nairobi ilikuwa saa saba mchana na Jua lilikuwa juu sana. Mlipuko ni uleule, ila kadiri Jua linavyokaribia utosi ndivyo tabaka la D linavyomeza zaidi.

Namna ya kumeza nayo ina utaratibu. Ukizidisha masafa mara mbili, hasara hushuka hadi robo. Megahezi 5 hupotea mapema na kurudi mwisho. Megahezi 20 huenda zikapona. FM na simu za mkononi hazitegemei ionosfia kurudisha mawimbi yake, ndiyo maana hazikuguswa.

Kuna mawimbi yanayofaidika, yale ya masafa ya chini sana yanayotumiwa kuwasiliana na nyambizi. Hayo hudunda chini ya tabaka la D, na mlipuko huishusha dari hiyo. Novemba 4, 2003, mlipuko ulivizidi nguvu hata vipimaji vya setilaiti za GOES zinazopima eksirei za Jua, vipimo vikafika kikomo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitumia mabadiliko ya mawimbi hayo na kukadiria ukubwa wake kuwa X45.

Basi rubani aliye juu ya Bahari ya Hindi, au mhudumu wa redio kolu porini, masafa yakikatika ghafla mchana, ajaribu masafa ya juu zaidi kabla ya kufungua chombo. Yasipokubali, asubiri, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili njia hufunguka. Yakikatika usiku wa manane, na upande wa pili nako ni usiku, mlipuko hauhusiki: akague betri na waya wa antena.