Mwaloni wa Milima ya Andes

Wengi wetu tukisikia mwaloni hufikiria Ulaya na theluji yake. Lakini upo mwaloni wa nchi za joto, nao huota katika misitu ya milimani ya Kolombia na Panama, mara nyingi kati ya mita 1,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu huuita Quercus humboldtii, kwa jina la msafiri Mjerumani, Alexander von Humboldt. Ndio mwaloni pekee wa asili katika Amerika ya Kusini.

Twajuaje kuwa ulihamia huko? Uwanda wa Bogotá zamani ulikuwa ziwa. Katika matope yake, matabaka ya chini hayana chavua ya mwaloni; huanza kuonekana kwenye yale ya miaka zaidi ya laki tatu iliyopita. Ulitoka kaskazini, ukapitia Panama.

Mbao zake ni ngumu na makaa yake ni mazuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwaka 1974 serikali ya Kolombia ilipiga marufuku kuukata. Mtama twaweza kuuanika na kuuweka ghalani hadi msimu ujao, lakini mbegu ya mwaloni ikikauka imekufa. Wanaoupanda huiokota mbichi, wakaifukia upesi.