Stempu Zilizokosewa na Rekodi Zake

Katika stempu zote zilizotoka kiwandani na rangi isiyo yake, iliyopata bei kubwa kuliko zote ni ya Sweden, na duniani ipo moja tu. Mwaka 1855 Sweden ilitoa stempu ya skilling 3 yenye rangi ya kijani-bluu, na ya skilling 8 yenye rangi ya manjano. Mwaka 1886 mvulana wa shule aitwaye Georg Wilhelm Baeckman, akipekua barua kuukuu za bibi yake, aliona ya skilling 3 iliyo ya manjano. Akaiuza kwa kronor 7. Ilipopigwa mnada Zürich mwaka 1996, ilikwenda kwa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani.

Bei hiyo inasimama juu ya maelezo ya karakana. Stempu zile zilipigwa kwa vibao vidogo vya chuma, kila stempu na kibao chake, vyote vikifungwa pamoja kwenye fremu moja. Inaelekea kibao kimoja cha skilling 8 kiliharibika, na aliyekibadilisha akaokota cha skilling 3 pasipo kujua. Wino wa manjano ukapita juu yake kama ulivyopita juu ya wenzake. Miaka ya 1970 Makumbusho ya Posta ya Sweden yalisema stempu hiyo ni ya kughushi. Uchunguzi wa kisayansi uliofuata ukaithibitisha kuwa halisi. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kosa lolote la chapa: mashine ilikoseaje? Asiyeweza kujibu asitoe fedha zake.

Rangi ndiyo inayodanganya wengi. Jua hula wino, kemikali hugeuza manjano kuwa kahawia, na stempu iliyoachwa dirishani hunadiwa kama "iliyokosa rangi". Rangi iliyokosekana kweli haibakizi hata chembe, hata ukitazama kwa lenzi kali. Ukiona kivuli chepesi cha wino, hiyo ni rangi iliyopauka.

Kwa umaarufu, hakuna inayoifikia "Jenny" ya Marekani, stempu ya barua za ndege ya senti 24 iliyotoka Mei 1918. Ilipitishwa mashineni mara mbili, fremu nyekundu kwanza, kisha ndege ya bluu. William Robey alinunua karatasi nzima ya stempu 100 katika posta ya Washington, ndege zote zikiwa miguu juu. Ama karatasi ilipinduliwa kati ya rangi mbili, ama bamba la bluu lilifungwa kinyume. Baada ya hapo wachapaji waliongeza neno la Kiingereza lenye maana ya "juu" pembeni mwa karatasi ili kosa lisirudiwe. Stempu ya nafasi ya 49, iliyofungiwa miaka mingi mbali na mwanga na kwa hiyo ikabaki na rangi zake, iliuzwa Novemba 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2.

Marekani hiyohiyo inashikilia rekodi ya kosa lililozalishwa makusudi kwa wingi kuliko yote. Mwaka 1962, kwenye stempu ya kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, rangi ya manjano ya nyuma ilipinduka katika baadhi ya karatasi. Sonara wa New Jersey, Leonard Sherman, alikuwa na karatasi moja ya stempu 50. Waziri wa Posta J. Edward Day akaamuru kosa lilelile lichapwe upya, takriban stempu milioni 40, na thamani ya karatasi ya Sherman ikayeyuka. Naliona jambo hilo kuwa dhuluma.

Iliyobandikwa jina la uongo ni ya Australia Magharibi ya mwaka 1855, inayoitwa "batamaji aliyepinduka". Batamaji yuko wima. Kilichopinduka ni fremu, iliyohamishiwa kinyume kwenye jiwe la kuchapia.

Kwa wasomaji wa pwani, makosa ya kutafuta kwanza ni ya Zanzibar. Novemba 1895 stempu za India zilianza kutumika kisiwani zikiwa zimepigwa chapa ya juu yenye jina la Zanzibar, kazi iliyofanywa katika kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette. Herufi zilipangwa kwa mkono, na ndiyo maana kuna zinazosomeka "Zanzidar" na nyingine "Zanizbar". Kosa la namna hii hurudi mahali palepale katika kila karatasi mpaka herufi ibadilishwe. Doa la vumbi au wino uliomwagika hutokea mara moja likapotea. Lakini chapa ya juu ni rahisi kughushi, kwa kuwa stempu yenyewe ya India ni halali na mdanganyifu anahitaji herufi na wino mweusi tu. Cheti cha wataalamu hapa ni lazima.

Ya kuona kwa shida kuliko zote ni peni nyekundu ya Uingereza ya bamba la 77. Namba ya bamba imefichwa ndani ya nakshi za pembeni, ndogo mno kwa jicho tupu. Bamba lilikataliwa, chache zikaponyoka, na zinazojulikana hazifiki 15. Wahuni huchukua stempu ya bamba la 177, wakakwangua tarakimu ya kwanza.

Na mwenye kuanza na vichache afungue albamu ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, senti 5, yenye jahazi katika Ziwa Victoria. Atazame kamba iliyo kushoto. Katika baadhi inaishia kabla ya tanga. Katika nyingine imeligusa, na orodha za bei huzihesabu kuwa aina mbili tofauti.